Barua ya Wazi kwa Mkuu wa Mkoa wa Tanga Kuhusu Madume Wasiozalisha

Muheza, Tanga

Mheshimiwa Mkuu wa Mkoa,

YAH: OMBI LA KUPIMWA KWA MADUME WA MIFUGO NA MAJI WANAYOKUNYWA

Husika na kichwa cha barua hapo juu. Mimi ni bwana mifugo mstaafu. Nimefanya kazi ya ugani katika wilaya mbili za mkoa huu, na sasa ninafuga ng'ombe watano wa maziwa nyumbani kwangu, kando ya barabara iendayo Amani. Ninakuandikia kwa uwazi, badala ya kupitisha barua masjala, kwa sababu jambo lenyewe linagusa ofisi za mifugo, kilimo, maji na mazingira kwa pamoja, na kwa uzoefu wangu barua inayogusa ofisi nyingi huzungushwa mpaka karatasi yake ikachakaa.

Ng'ombe akitupa mimba, mtaa mzima hujua kabla ya magharibi. Bwana mifugo huitwa, damu huchukuliwa, watu huambiwa wachemshe maziwa. Lakini dume ambaye mbegu zake zimedhoofika hatupi kitu. Anakula, ananenepa, anapanda kila jike anayeletewa, na kila anayepita anamsifu. Anayeonekana kuwa na kasoro ni jike, anayerudi kwenye joto baada ya siku 21, kisha baada ya siku 21 nyingine, mpaka mwenyewe anachoka na kumwita tasa. Katika mazungumzo ya wafugaji tasa ni jike, na hanithi ni dume asiyeweza kupanda; ila yule anayepanda vizuri na hazalishi hatuna jina lake la kila siku, na ndiyo maana hata kwenye madaftari yetu ya ugani hakuwa na safu yake.

Miaka michache iliyopita kikundi kimoja cha akina mama wafugaji, ambacho sikitaji kwa kuwa hawakuniomba niwasemee, kilipata dume chotara wa Friesian kwa matumizi ya wanachama wote. Mwaka wa kwanza ndama walizaliwa bila shida. Mwaka uliofuata mambo yalibadilika, na nilipokuja kulitazama daftari langu kwa utulivu niliona kwamba katika majike 14 walioletwa kwake ndani ya miezi mitano, 11 walikuwa wamerudi kwenye joto. Kabla sijaliona hilo, mjane mmoja alikwisha kuuza majike wawili kwa mchinjaji kwa bei ya nyama, na mmoja wao alikuwa amezaa mara tatu kwa dume mwingine. Waliobaki walihimilishwa kwa mrija, na wengi wakashika mimba mara ya kwanza au ya pili. Hapo ndipo nilipoona aibu. Kwa miezi mitano nilikuwa nikihangaika na lishe ya majike, chumvi yao na minyoo yao, wakati aliyestahili kuchunguzwa alikuwa amefungwa chini ya mwembe.

Nilipompapasa, korodani zake zilikuwa laini kama embe lililopitiliza kuiva, na moja ilikuwa ndogo kuliko mwenzake. Manii yaliyochukuliwa yalikuwa mepesi mithili ya maji yaliyooshewa mchele, na chini ya hadubini mbegu zilizokuwa zikienda mbele zilikuwa za kuhesabika. Kipimo cha ugonjwa wa kutupa mimba hakikuonyesha kitu, wala hakuwa na nagana inayoletwa na mbung'o, na umri wake ulikuwa miaka minne tu. Kwa zaidi ya mwaka mzima alikuwa akifungwa kwenye mpaka wa shamba lililopuliziwa dawa ya magugu na dawa ya wadudu msimu baada ya msimu, akila majani ya ukingoni na kunywa maji ya mfereji unaotoka humo humo. Siwezi kusimama mbele yako nikaapa kwamba dawa ndiyo iliyomharibu, kwa sababu hakuna mtu aliyeyapima yale maji, wala yale majani, wala mafuta ya mwili wake siku alipochinjwa. Hilo ndilo lililonifanya nishike kalamu: dume aliyekuwa ushahidi aligeuzwa supu, na sisi wataalamu tukaondoka kila mtu na lake.

Unaweza kudhani, Mheshimiwa, kwamba ninatengeneza msitu kutokana na mti mmoja. Naomba basi nikueleze yaliyokwisha kuthibitishwa kwingine, nikianza na habari ambayo ingetosha peke yake. Kulikuwa na dawa ya kuua minyoo ya udongoni iliyoitwa DBCP, iliyotumika sana kwenye migomba, mananasi na miti ya matunda. Mwaka 1961 watafiti waliochunguza athari zake kwa wanyama wa maabara walichapisha kwamba korodani za panya waliovuta mvuke wake zilisinyaa. Dawa iliendelea kuuzwa. Mwaka 1977, katika kiwanda kimoja huko Lathrop, California, wafanyakazi wa kiume waliokuwa wakiitengeneza walianza kuulizana wenyewe kwa wenyewe mbona hakuna aliyepata mtoto kwa muda mrefu. Walipopimwa, wengi wao walikutwa na mbegu chache mno, na baadhi hawakuwa nazo kabisa. Marekani iliipiga marufuku kwa matumizi karibu yote mwaka 1979, ilhali katika mashamba ya ndizi ya Amerika ya Kati ilikuwa imekwisha kuwafikia maelfu ya vibarua, ambao kesi zao ziliendelea mahakamani kwa miongo kadhaa. Panya walikuwa wamesema miaka 16 kabla ya binadamu kujiuliza. Kila ninapoikumbuka habari hiyo ninamkumbuka yule dume wa kikundi, kwa sababu naye huenda alikuwa akitusemesha.

Mifano mingine nitaipitia upesi. Katika Ziwa Apopka, Florida, baada ya dawa ya wadudu iitwayo dikofoli, iliyochanganyika na DDT, dawa nyingine ya wadudu, kumwagika mwaka 1980, idadi ya mamba wachanga ilianguka, na madume walioendelea kukua walikutwa na viungo vidogo vya uzazi na homoni ya kiume pungufu. Mwaka 2005 watafiti wa Marekani waliwapa panya wenye mimba dawa ya ukungu iitwayo vinklozolini, wakaona udhaifu wa mbegu ukishuka kwa watoto wa kiume mpaka kizazi cha nne, ingawa si kila maabara iliyorudia jaribio hilo ilipata jibu lile lile. Mwaka 2010 Tyrone Hayes, mtafiti wa Marekani, na wenzake waliripoti kwamba katika vyura dume 40 waliokuzwa ndani ya maji yenye atrazini kidogo sana, kiasi cha sehemu mbili na nusu katika bilioni, mmoja kati ya kila 10 aligeuka jike kamili. Watengenezaji na baadhi ya watafiti walimpinga, na ubishi huo haujaisha. Lakini atrazini ni dawa ya magugu ambayo wakulima wa mahindi na miwa nchini wamekuwa wakiitumia kwa miaka mingi, na Umoja wa Ulaya uliiondoa sokoni kwa sababu ilikuwa ikikutwa kwenye maji ya ardhini.

Utafiti ninaoupenda kuliko yote, hata hivyo, ni wa mbwa. Chuo Kikuu cha Nottingham nchini Uingereza kilipima manii ya mbwa wanaozalishwa kwa ajili ya kusaidia watu wenye ulemavu, kwa muda wa miaka 26, katika maabara ile ile na kwa njia ile ile. Matokeo yalichapishwa mwaka 2016. Baina ya mwaka 1988 na 1998 sehemu ya mbegu zinazokwenda sawasawa ilikuwa ikipungua kwa wastani wa asilimia 2.5 kila mwaka, na kemikali za viwandani, ikiwemo ile inayolainisha plastiki, zilikutwa kwenye manii, kwenye korodani na hata kwenye chakula cha mbwa. Mbegu zilipowekwa kwenye kemikali hizo kwa kiwango kile kile kilichokutwa mwilini, mwendo wake ulidhoofika. Wale mbwa walikuwa wanalishwa vizuri na kutunzwa kuliko watoto wa watu wengi, kwa hiyo huwezi kusingizia njaa wala uzembe. Zaidi ya darubini na mashine, lililowasaidia watafiti hao lilikuwa daftari moja lisilokatizwa kwa miaka 26. Hakuna hata mwaka mmoja ambao, ukitazamwa peke yake, ungemtisha mtu.

Inafaa nieleze pia kwa nini dume ndiye anayeumia kimya kimya. Mbegu ya ng'ombe huchukua takriban siku 61 kutengenezwa ndani ya korodani, kisha wiki moja hadi mbili nyingine kusafiri na kukomaa. Sumu iliyoingia leo haionekani kwenye manii ya leo. Huonekana baada ya miezi miwili na zaidi, wakati mvua imekwisha kusafisha majani na mwenye shamba amesahau alipulizia nini. Halafu kuna seli zinazolea mbegu changa, ziitwazo seli za Sertoli, ambazo idadi yake hupangwa mapema, tangu ndama akiwa tumboni hadi kabla hajabalehe. Zikipungua wakati huo hakuna lishe itakayozirudisha akiwa mkubwa. Huko Scotland, kondoo waliolishwa kwenye malisho yaliyorutubishwa kwa tope la majitaka walizaa madume ambao baadhi yao, si wote, korodani zao zilikuwa na kasoro kubwa. Ninasisitiza hilo neno baadhi, kwani ndilo linalofanya tatizo lifichike: ukiwa na madume kumi, kisha wawili kati yao wakaharibika, utasema ni bahati mbaya ya ukoo.

Zao la DDT liitwalo DDE lina tabia nyingine mbaya, iliyobainishwa mwaka 1995. Hukaa pale homoni ya kiume inapotakiwa kukaa ili kazi ifanyike, kama mgeni aliyeketi kwenye kiti cha mwenye nyumba, haondoki wala hafanyi kazi yoyote. Kemikali za jamii hiyo hupenda mafuta, hujikusanya mwilini mwaka hadi mwaka, na njia kubwa ya kutoka ni maziwa. Jike anayekamuliwa hujipunguzia mzigo kila siku. Dume hana njia hiyo. Nadhani umekwisha kuona, Mheshimiwa, kwamba hapo hatuzungumzii ng'ombe tu. Maziwa yanayompunguzia jike sumu huingia kwenye madumu ya wafugaji wadogo, yakapelekwa vituo vya kukusanyia, na jioni watoto wa Ngamiani na Makorora, jijini Tanga, wanayanywa.

Sasa nije kwenye maji yetu. Mto Zigi huanzia juu Amani, ukapita katikati ya mashamba mpaka Bwawa la Mabayani, ambako jiji la Tanga linapata maji yake. Pangani hufika kwetu ukiwa umekwisha kupita mashamba ya Kilimanjaro na Arusha, na ukiwa Korogwe hupokea maji ya Usambara Magharibi, ambako mboga za Lushoto hupuliziwa dawa mara nyingi kabla ya kupakiwa kwenye malori. Sisi watu wa Tanga tukisikia uchafuzi wa mito huwa tunafikiria maji ya korona, yaani mitambo ya kuchambua mkonge, kwa kuwa yananuka na rangi yake inaonekana toka mbali. Zaidi ya asilimia 90 ya jani la mkonge huwa taka, na taka hizo huwamaliza samaki kwa kuwanyima hewa. Sisemi korona zisamehewe. Ninachosema ni kwamba pua zetu zimetufundisha vibaya, kwani kemikali zinazoingilia homoni za kiume hazina harufu wala rangi kwa kiwango kinachotosha kudhuru, na maji yake yanaweza kuwa ya kung'aa kiasi cha kujitazama uso.

Wala si jambo geni katika pwani hii. Vikuge, wilayani Kibaha, shamba la serikali lilipokea mwaka 1986 msaada wa viuatilifu kutoka Ugiriki, ambavyo sehemu yake ilikuwa imekwisha muda. Ghala likaharibika, na watafiti wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wakakuta DDT na jamaa zake kwenye udongo na maji miaka mingi baadaye. Korogwe nako kulikuwa na ghala la zamani lililoacha mabaki ya aina hiyo ardhini. Nchi yetu imeridhia Mkataba wa Stockholm wa mwaka 2001 unaohusu kemikali zisizooza, na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira tunayo tangu mwaka 2004. Kwa hiyo siombi sheria mpya. Nimeishi na sheria mpya za kutosha.

Wala siombi dawa za mashambani zipigwe marufuku kwa jumla. Viwavi jeshi vamizi vilivyoingia nchini mwaka 2017 nimeviona vikimaliza mahindi ya mwenye watoto saba ndani ya wiki mbili, na mwenye michungwa wa Muheza asiyeweza kupambana na inzi wa matunda atauza hasara. Nakiri pia kwamba dume anaweza kukosa mbegu kwa sababu nyingine nyingi: joto la mwezi wa pili katika banda la mabati, nagana, ugonjwa wa kutupa mimba ambao humvimbisha dume korodani, njaa ya kiangazi, au kupandishana ndugu kwa ndugu. Ni wajibu wa mtaalamu kuzichambua sababu hizo kwanza. Kosa letu ni kwamba zikishachambuliwa zote na jibu lisipatikane, tunafunga faili pale pale ambapo lingepaswa kufunguliwa.

Ninachokuomba ni vitu vya kawaida. Kila dume wa pamoja, awe wa kikundi, wa kijiji au wa mradi, apimwe mzunguko wa korodani kwa utepe na manii yake yaangaliwe kwa hadubini kabla hajapokelewa, kisha kila baada ya miezi sita, na majibu yaandikwe kwenye daftari linalobaki kijijini hata bwana mifugo akihamishwa. Utepe ni bei ya soda. Kituo cha uhimilishaji cha Taifa kule Usa River hakimpi dume kazi bila kumpima manii, sasa kwa nini dume wa akina mama wa Muheza aaminiwe kwa sura? Chuo cha mifugo kipo Buhuri, watafiti wa mifugo tunao hapa hapa Tanga, na wanafunzi wanahitaji mahali pa kujifunzia. Mabeberu nao wasisahauliwe, maana mbegu za beberu hutengenezwa kwa muda mfupi kuliko za ng'ombe, na atatuonyesha tatizo mapema zaidi.

Pili, pale ambapo madume wawili au watatu wa eneo moja wameonekana dhaifu na magonjwa hayakukutwa, Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani na Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali wajulishwe kwa barua ya ofisi yako, ili maji, udongo na maziwa ya eneo hilo yapimwe mabaki ya dawa. Barua ya mstaafu haina uzito huo. Nimeijaribu.

Jambo la tatu ni maduka. Katika minada yetu dawa ya shamba hupimwa kwenye chupa za soda bila karatasi ya maelekezo, na mnunuzi hajui jina lake, anajua tu kwamba "ile nyeupe" inaua haraka kuliko "ile ya njano". Mtu mmoja alinipa chupa ninuse nimtambulie. Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu ina uwezo wa kisheria wa kulizuia hilo, lakini inahitaji mkono wa wakuu wa wilaya siku za mnada, kwa kuwa siku nyingine wauzaji hao hawapo. Pasipo jina la dawa, hata maabara nzuri kuliko zote itakuwa inapapasa gizani, kwa sababu fundi wa maabara lazima aambiwe anatafuta nini. Na vifungashio vitupu visioshewe mtoni wala kugeuzwa vyombo vya kunyweshea ndama. Hilo la mwisho nimelishuhudia mara nyingi kiasi kwamba sikasiriki tena, naomba tu chombo kingine na kile ninakitoboa.

Daftari langu la kupandisha la miaka tisa liko tayari, pamoja na majina ya mitaa na tarehe, na nitalileta ofisini kwako siku yoyote utakayoagiza. Ikiwa utapata mtu wa kuchukua sampuli za maji, naomba aje wiki ya kwanza ya masika, siku ile mvua ya kwanza kubwa inaponyesha baada ya mashamba kupuliziwa. Ule mfereji wakati huo hujaa kwa siku mbili au tatu na kubeba kila kilicholala shambani; akija mwezi wa tisa atakuta maji safi, atayapima, na ataandika kwamba hakuna tatizo. Aje na chupa za kioo, si za plastiki, na sanduku la barafu. Mahali pa kulala patapatikana kwangu.

Wako katika ujenzi wa Taifa,

Bwana mifugo mstaafu na mfugaji, Muheza